Tumbawe la Baba Mdogo

Wiki chache baada ya kumzika baba, nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno Kilifi. Katika chumba cha kungojea palikuwa na tangi la kioo lenye maji ya bahari, samaki wawili wa manjano na mawe yenye uhai. Binti yangu alikimbilia samaki. Mimi harufu ilinifikia kabla sijaketi: chumvi iliyorukia taa ya moto ikawa inaungua kidogo kidogo, pamoja na ule ubichi wa maji ya pwani yaliyofungiwa ndani ya nyumba. Nikamwomba mwanamke wa mapokezi anitazamie mtoto, nikatoka nje na kusimama juani mpaka waliponiita. Binti yangu aliniuliza kama namwogopa daktari. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa refu.

Tulikaa Shella, Malindi, nyumba ya vyumba vitatu yenye ua nyuma. Baba na mdogo wake, Athmani, walifanya kazi ambayo wenzangu darasani hawakuiamini: walikamata samaki wa rangi wakiwa hai, wakampelekea tajiri mmoja aliyewasafirisha kwa ndege ndani ya mifuko ya nailoni. Ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja alizama na kiwavu chake akipumua kwa mpira mrefu. Mwingine alibaki kwenye boti akilinda kompresa, ile mashine inayosukuma hewa kwenye mpira. Baba masikio yake yalikuwa mabovu, hayakustahimili kina. Kwa hiyo Baba Mdogo Athmani alizama, na baba akakaa juu.

Namkumbuka Baba Mdogo kwa alama ya miwani ya kuzamia, duara lililobaki usoni mwake hata saa za magharibi, na kwa harufu ya ndimu aliyojisugulia mikononi ili atoe shombo. Alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa hajamaliza mwaka tangu aoe msichana wa Takaungu aitwaye Rukia, fundi wa cherehani. Mimi nilimwita Mama Mdogo, ingawa kwa umri angeweza kuwa dada yangu. Baba Mdogo alizoea kunieleza habari za chini kana kwamba ametoka mtaa wa pili: nani kahama, nani kapigana na nani, samaki gani ana kiburi. Nilikuwa na miaka saba. Niliamini kwamba chini kule ana nyumba nyingine.

Siku aliyokufa nilipelekwa kwa jirani, lakini nilipenya nikarudi kwa mlango wa uani. Nilimkuta baba amepiga magoti kwenye saruji, nguo zimeloa, anamimina maji ya bahari kwenye beseni la kufulia. Wanaume watatu walikuwa wamesimama nyuma yake wakimsemesha, naye hawasikii. Kando yake ulikuwa ule mfuko wa wavu ambao Baba Mdogo alizama nao kiunoni. Ndani mlikuwa na jiwe moja tu, la ukubwa wa kifuu cha nazi, limefunikwa na ngozi ya kahawia iliyokunjamana. Inaonekana nanga ya mtu ilikuwa imelivunja, Baba Mdogo akaliokota. Ndicho kitu cha mwisho mikono yake ilichoshika. Baba alilitumbukiza kwenye beseni, akaanza kuyakoroga maji kwa kiganja, polepole, huku na huku. Maiti ilikuwa bado haijafikishwa nyumbani.

Baada ya mazishi baba hakurudi tena baharini. Wale samaki waliokuwa wakingoja kusafirishwa aliwarudisha kwenye maji, akabakiza tangi moja la kioo katika chumba cha nyuma, dogo, la kumtosha mtoto mchanga kuoga. Akaliweka lile jiwe humo. Siku ya nne jiwe lilifunguka. Ile ngozi mbaya ilitoa vinywa vidogo vingi, kila kimoja na nyuzi zake za kijani kama ukindu, vyote vikipepea. Baba alitoka mbio kumwita mama.

"Yuko hai," alisema. "Njoo uone. Yuko hai."

Hapo ndipo nilipopotea mimi. Mtoto wa pwani anajua jiwe liko, na mtu yuko, kabla hajafundishwa ngeli hata moja. Baba alikuwa akisema kama wazamiaji, maana kwao tumbawe si jiwe, ni mnyama; anakula, analala, anakufa. Mimi sikuyajua hayo. Niliwaona watu wametoka kumzika Baba Mdogo, na sasa baba yangu, ambaye hajapata kunidanganya, anasimama mlangoni machozi yakimtoka na kusema yuko hai. Nikaelewa kwamba kilichozikwa ni kitu kingine.

Nyumba yetu ikaanza kufuata tangi. Baba alikwenda na madumu hadi Mayungu kuchota maji, kwa sababu msimu wa mvua Mto Sabaki huleta udongo na ghuba yetu yote hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Alitundika taa kwa waya ili aweze kuishusha au kuipandisha. Aliniambia kwamba aliyezoea kivuli cha chini hatolewi ghafla juani, ataungua. Na aliweka pampu mbili ndogo zinazotazamana, zikayasukuma maji yapishane, ili kila kinywa kifikiwe. Maji yaliyosimama aliyaogopa kuliko kitu chochote. Pampu zile zilivuma mchana na usiku. Stima zikipotea, baba alikuwa wa kwanza kusikia, hata akiwa kwenye sala. Alikuja na jagi na kuanza kuchota na kumimina, kuchota na kumimina, na mkono ukichoka alimwita mama, mama akichoka aliniita mimi. Alihema kwa kinywa kama mtu anayekimbia.

Mama hakulipenda tangi. Alimwambia mara moja, nikisikia, kwamba mtu akishazikwa huachwa apumzike.

Mama Mdogo alipotoka eda alianza kuja kila Ijumaa. Alikaa kwenye mkeka mbele ya kioo, na baba akamsomea habari za wiki nzima. Kwamba Jumatatu alijifunga kidogo kwa sababu ya maji, lakini Jumanne akafunguka tena. Kwamba amekula. Kwamba upande wa kushoto amezaa vinywa vipya viwili. Mama Mdogo alisikiliza kichwa kikiwa chini. Wakati mwingine aliweka kidole kwenye kioo, akakiacha hapo mpaka kikafanya alama ya mvuke. Nilimletea kahawa, nikakaa karibu naye, na niliona fahari kwamba katika mtaa mzima ni sisi wanne tu tunaoijua siri hii.

Nikawa na mazoea yangu pia. Nikirudi shule, kabla ya kubadili nguo, nilipita chumba cha nyuma kumwamkia. Siku moja nilisimama mbele ya tangi nikasema, "Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba."

Sauti ilitoka nyuma yangu, chini, nzito. Niligeuka. Baba alikuwa kwenye kona, ameketi juu ya dumu, sikuwa nimemwona. Uso wake sikuweza kuusoma. Hakunikemea wala hakunieleza. Aliitikia kwa niaba ya nduguye, kisha akainuka na kutoka. Mpaka leo, nikiamkiwa na mtoto wa watu barabarani, kuna siku neno hilo linanikwama.

Mwaka ulikuwa karibu kuisha wakati mzungu mmoja mzee, aliyekuwa akifunga nyumba yake ili arudi kwao, alipomwita baba achukue vitu vya tangi lake. Baba alirudi na taa mpya, yenye mwanga wa buluu mkali, na tumbawe la pili. Nilikuwa sijaona kitu kizuri namna ile. Tumbawe huyo alikuwa na mikono mirefu, laini kama tambi zilizopikwa, na kila mkono una ncha nyeupe. Baba alimweka pembe ya mbali kabisa, akaniambia huyo akae peke yake, nisimguse. Hakusema kwa nini, na mimi niliona ni ubahili. Taa mpya aliitundika juu sana, karibu na dari, akawa anaishusha shubiri moja kila baada ya siku kadhaa.

Wiki hiyo hiyo nilisikia kwamba Mama Mdogo anaposwa. Mposaji alikuwa mtu wa kwao Takaungu, mwenye kuuza nazi, na Mama Mdogo alikuwa amekubali. Wazee wake, kwa heshima, walimwita baba akashuhudie posa. Alishusha taa shubiri moja, akamwagiza mama asiache stima zipotee bila kukoroga, akaondoka kwa siku mbili.

Mimi nilimhurumia Baba Mdogo. Nilikwenda nikamwambia ukweli, kwa kuwa niliona hakuna mwingine atakayemwambia: kwamba Mama Mdogo anaolewa, kwamba Ijumaa hatakuja tena. Vinywa viliendelea kupepea. Nilifikiri upweke atakaoupata. Halafu nikamtazama yule mgeni mzuri pembeni, naye peke yake. Nikapanda juu ya dumu, nikaingiza mkono mpaka begani, nikalichukua lile jiwe na kulihamishia karibu naye, mbele ya pampu, ikabaki kati yao nafasi ya vidole viwili. Maji yalikuwa yakisukuma upande ule. Jioni, mwanga wa buluu ulipowaka, niliona mikono mirefu imepeperushwa na maji ikamfikia, ikamlalia, ikamshika kote. Wameshikana mikono, nilijiambia. Nililala kwa raha.

Kesho yake niliona vinywa vyote vimefungwa. Nilidhani amelala. Mchana, nikijua baba atafika magharibi, nilimrudisha mahali pake ili nisiulizwe. Jiwe liliteleza mkononi. Palikuwa na utando mweupe uliobaki kwenye vidole vyangu na ulinuka.

Baba alirudi, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma hata kabla ya kunawa. Alikaa humo muda mrefu. Niliposogea mlangoni alikuwa ameishika ile taa kwa mikono miwili huku ingali inawaka, anaipandisha juu, lakini hapakuwa na haja tena. Upande mzima wa jiwe ulikuwa umeyeyuka. Mahali pa kijani palikuwa mfupa mtupu. Kwa siku tatu alibadilisha maji, akafunika kioo kwa kanga, akazungumza na jiwe kwa sauti ambayo sikuielewa. Ijumaa asubuhi hakikubaki kinywa hata kimoja.

"Nimemshushia taa mapema," alimwambia mama. "Nimemuunguza."

Nilikuwa na maelezo yangu. Niliamini Baba Mdogo amekufa kwa uchungu wa habari niliyompa.

Mama Mdogo alikuja mchana ule kuaga. Alikuwa na hina mikononi. Baba alimpokea amesimama, akamwambia amekufa. Yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi, akakaa mkekani pale pale pa siku zote. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya nguo zake. Baba akaanza kusema, na alisema akilitazama tangi.

Alisema siku ile baharini alisinzia. Jua lilikuwa kali na kompresa ilikuwa ikivuma karibu na sikio lake, mvumo mmoja usiobadilika, naye akasinzia. Petroli ikaisha. Mashine ikazima.

"Kimya ndicho kilichoniamsha," alisema. "Sijui kilikuwa cha muda gani. Nilivuta mpira ukaja mwepesi. Amekufa kwa sababu yangu, Rukia. Na watu niliwaambia mpira ulipasuka."

Hakutoa sababu. Mama aliziba mdomo kwa ncha ya leso.

Mama Mdogo aliinuka. Nilidhani atapiga ukelele, lakini alikwenda hadi ukutani akazima pampu, ya kwanza kisha ya pili. Nyumba ilinyamaza, na nikagundua kwamba sijawahi kuisikia ikiwa kimya tangu mwaka uliopita. Baba alishtuka mwili mzima, akanyoosha mkono kuelekea swichi, halafu akaushusha.

"Miezi yote hii umeniketisha hapa nimtazame anapumua," alimwambia. "Ungeniambia siku ile, shemeji, ningekuchukia na ningemaliza."

Akavaa buibui lake, akambusu mama, akanishika kichwa. Hakukanyaga tena nyumba yetu.

Baba alipata kazi ya bohari, akaifanya mpaka akazeeka. Yule tumbawe mwenye mikono mirefu alimrudisha baharini mwenyewe, na tangi akampa mtu. Alikuwa baba mwema. Lakini alikuwa hawezi kukaa mahali pasipo na sauti. Alilala redio ikiwaka, na kama redio ilizimika aliamka ameketi. Kila Idi alimtuma mtu Takaungu na salamu kwa Mama Mdogo, na kila Idi mtu yule alirudi akisema salamu zimefika. Jawabu halikuwapo.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa bayolojia alitufundisha habari za matumbawe. Akasema hugombania nafasi, kwamba wengine wana mikono yenye sumu, na mwenye mikono mirefu humchoma jirani yake mpaka ngozi imtoke, hasa jirani huyo akiwekwa upande ambako mkondo wa maji unaelekea. Alikuwa anaandika ubaoni huku akisema. Niliomba ruhusa nikatoka. Nilikwenda nyuma ya choo nikautazama mkono wangu wa kulia.

Tangu siku ile nilikuwa na la kumwambia baba, na nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumwambia. Si taa, baba. Ni mimi. Sentensi fupi namna hiyo. Nilikaribia mara nyingi. Aliponiozesha nilikaribia. Alipolazwa mara ya mwisho, mimi nikimlisha uji kwa kijiko, alinitazama akasema, bila sababu, kwamba mwanga mkali si mzuri kwa kitu chochote. Akaniomba nifunge pazia. Nilifunga pazia. Nikaendelea kumlisha.

Siku ile ya daktari wa meno, nilimwacha binti yangu kwa wifi yangu pale Kilifi, nikaenda Takaungu. Haikunichukua muda kumpata Mama Mdogo. Ana wajukuu sasa, na miwani ya kushonea inayoning'inia kifuani. Alinijua kwa kufanana na baba. Nilimpa mkono wa shikamoo, akanivuta akanikalisha kitandani kwake, akasema habari za msiba alizipata, lakini magoti hayakumruhusu kuja. Sote wawili tulijua si magoti.

Nilimweleza yote. Nilimweleza jiwe nililolihamisha, mikono niliyodhani inashikana, utando kwenye vidole. Nikamweleza na jambo jingine, ambalo mama aliniambia tukiwa tunakunja nguo za baba baada ya khitima: kwamba usiku wa kuamkia siku ile ya kompresa, mimi nilikuwa na homa kali ya malaria, iliyoshuka alfajiri tu, na baba hakulala hata nukta, alikesha akinikanda kwa maji. Asubuhi mama alimwomba asiende. Akasema Athmani anamngoja.

Nje, mwanamke alikuwa akifagia uchochoro.

"Hakuniambia hilo," alisema Mama Mdogo.

Nilimwambia hakumwambia mtu. Labda hakutaka mimi nije kulisikia.

Aliichukua miwani kifuani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaishika mkononi bila kuivaa. Nilikuwa nimekwenda pale nikitaka anilaumu, au aniambie nilikuwa mtoto. Hakufanya hata moja. Nikamuuliza kama aliwahi kumsamehe baba.

"Nilimsamehe mwaka ule ule," alisema. "Nilikuwa na mimba ya kwanza, moyo ukalainika wenyewe. Sikumwambia tu."

Kwa hiyo zile Idi zote, mtu alipokuja na salamu, alikuwa nalo neno lile ndani, kama nilivyokuwa nalo langu nikiwa nimeshika kijiko. Baba aliishi katikati yetu, na kila mmoja wetu alikuwa na kitu chake kidogo cha kumpa.

Ilipoadhiniwa alasiri alitia udhu, akasali, nami nikasali nyuma yake. Alipomaliza hakuinuka. Aliuliza jina la mama yake baba, yaani bibi yangu, kwa kuwa alitaka kumwombea kwa jina lake kamili asichanganywe na mwingine. Nikamtajia. Akanyanyua mikono, akalitaja jina la baba na la mama yake, kwa sauti, polepole, kama mtu anayemwita mtu aliye mbali. Halafu akanyamaza na mikono yake ingali juu, na katika kimya kile nilielewa kwamba ananingoja mimi niseme la kwangu.

Nililisema. Lilikuwa fupi kama nilivyojua litakuwa. Mama Mdogo akasema amin, akajifuta uso kwa viganja, na safari hii hapakuwa na mtu nyuma yangu wa kuitikia.